Msomaji Asiyetetemeka

Kila asubuhi Mwanvita aliamka kabla mama yake hajamwita mara ya pili. Alitawadha, akasali, akafagia uwanja, kisha akakaa kwenye kibao cha jikoni kunywa chai kwa muhogo wa kuchemsha. Baba yake, mzee Mwishehe, alikuwa ameshatangulia shambani. Ulikuwa msimu wa mananasi, na Kiwangwa yote ilinukia mananasi, hata nguo zilizoanikwa kambani.

"Umeshiba, mwanangu?" aliuliza mama yake, Bi Saida.

"Nimeshiba, mama."

"Mbona muhogo hujaumaliza?"

Mwanvita aliutazama muhogo uliobaki kwenye sahani. Hakuwa na njaa, wala hakuwa ameshiba. Aliuchukua akautafuna mpaka ukaisha, kwa sababu mama yake alikuwa anamtazama. Kisha akavaa sare, akafunga hijabu yake nyeupe, akatoka.

Hivyo ndivyo alivyokuwa tangu mwezi wa Rajabu. Alifanya kila alichoambiwa. Alijibu kila alichoulizwa. Hakulia, hakucheka, wala hakugombana na mtu. Majirani walimsifu wakisema, "Huyu mtoto ametulia siku hizi." Mama yake alisikia sifa hizo na hakuzifurahia.

Katika mwezi huo Zuwena, rafiki yake aliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza, aligongwa na gari kwenye barabara kuu iendayo Msata, mbele ya shule yao. Walikuwa wanarudi nyumbani pamoja. Zuwena alifariki njiani akipelekwa hospitali Bagamoyo. Mwanvita hakuumia popote.

Baada ya mazishi watu wazima walikubaliana jambo moja. "Mtoto asiulizwe," walisema. "Msimkumbushe. Mwacheni asahau." Walisema hivyo kwa huruma, na wote walitimiza. Hakuna aliyemuuliza Mwanvita aliyoyaona siku ile. Dereva aliyegonga alisema mtoto alichomoka ghafla, na maneno yake ndiyo yaliyosambaa. Mwanvita aliyasikia dukani, aliyasikia bombani, akayasikia hata shuleni: Zuwena alivuka bila kutazama. Aliyasikia kama mtu anavyosikia redio ya nyumba ya pili. Sauti ilifika, lakini haikumhusu.

Siku moja, baada ya kengele ya mapumziko, Mwalimu Rajabu aliingia darasa la sita akiwa na karatasi mkononi. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili, mrefu, mwenye bidii, na alipenda sana kuwaiga watangazaji wa televisheni.

"Wanafunzi," alisema, "mgeni rasmi kutoka wilayani atakuja kufungua madarasa yetu mapya. Tumepata nafasi ya kumsomea risala. Katika risala hiyo tutaomba matuta ya barabarani na alama za pundamilia hapo mbele ya shule. Ninamtafuta msomaji mmoja. Awe jasiri."

Walijaribiwa mmoja mmoja. Ramadhan, ambaye kwa kelele hana mpinzani uwanjani, alisimama mbele ya wenzake magoti yakaanza kugongana. Yasmini alianza vizuri, akafika mstari wa tatu, akaangua kicheko asichoweza kukizuia, akarudi kukaa huku amejifunika uso. Wengine walisoma kwa sauti ya chini kana kwamba wanamwambia mtu siri.

Mwanvita alipoitwa alikwenda mbele, akachukua karatasi, akasoma. Hakukwama. Hakutetemeka. Alipomaliza alirudisha karatasi na kusimama akingoja aambiwe la kufanya.

"Mmeona?" Mwalimu Rajabu alisema kwa furaha. "Mmeona mtoto asiye na hofu hata chembe? Mwanvita, wewe ndiye msomaji wetu."

Darasa likapiga makofi. Mwanvita aliona mikono ikigongana. Alijua kwamba angepaswa kufurahi, lakini ndani hapakuwa na furaha wala hofu. Alirudi kwenye dawati lake, akakaa upande wake, ule upande mwingine ukiwa mtupu.

Mazoezi yalianza siku iliyofuata, ofisini kwa Mwalimu Rajabu. Mwalimu alikuwa ameandika risala kwa mwandiko mzuri, na pembeni ameweka alama za kalamu nyekundu.

"Hapa unatua," alisema. "Hapa unainua mkono wa kulia, hivi. Hapa unamtazama mgeni rasmi na kutabasamu. Hapa unashusha sauti, maana ni jambo la huzuni. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mwalimu."

Mwanvita alitua, akainua mkono, akatabasamu, akashusha sauti. Baada ya siku chache hakuhitaji tena kutazama alama. Mwalimu mkuu alikuja kumsikiliza, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, na risala ikapitishwa.

Yasmini naye alisikiliza, akiwa amesimama dirishani. Walipokuwa wanarudi nyumbani alimwambia, "Mwanvita, usinikasirikie. Unasoma vizuri, hukosei hata neno. Lakini unasikika kama yule mwanamke wa kwenye simu."

"Mwanamke gani?"

"Yule anayesema namba unayopiga haipatikani kwa sasa."

Yasmini alingoja Mwanvita acheke au amgombeze. Mwanvita aliwaza kidogo, kisha akasema, "Labda kweli." Wakaendelea na safari.

Jumamosi Bi Saida alichagua nanasi kubwa kuliko yote aliyokuja nayo baba, akalifuta vumbi kwa khanga yake. "Mpelekee Mama Zuwena," alisema. "Tena usigeuke mlangoni kama siku zile. Kaa naye."

Mwanvita alikwenda. Mama Zuwena alikuwa amekaa barazani akisuka ukili wa mkeka, vidole vikienda vyenyewe bila yeye kuvitazama.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu. Karibu ukae."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo. Mama anakusalimu, amekuletea nanasi."

"Mwambie nimeshukuru sana." Mama Zuwena alimsogezea mkeka. "Nasikia wewe ndiye utakayesoma mbele ya wakubwa. Hebu nisomee na mimi. Siku yenyewe nitakaa nyuma, huenda nisisikie."

Mwanvita hakuwa na karatasi ya mwalimu, lakini alikuwa na nakala yake mfukoni. Alisimama, akaikunjua, akasoma kama alivyofundishwa. Alimsalimu mgeni rasmi. Alitoa idadi ya wanafunzi na madawati. Alitua palipohitajika. Kisha akafika mahali pa kushusha sauti.

"Aidha, mheshimiwa mgeni rasmi, kwa masikitiko makubwa tunakujulisha kwamba mwaka huu shule yetu ilimpoteza mwanafunzi mwenzetu mpendwa, marehemu Zuwena, aliyekuwa hodari katika masomo yote, kutokana na kutokuwa makini wakati wa kuvuka barabara."

Aliinua mkono wa kulia. Vidole vya Mama Zuwena viliacha kusuka.

"Masomo yote?" Mama Zuwena aliuliza taratibu. "Zuwena wangu? Hesabu alikuwa akizikimbia kama mbuzi anavyokimbia mvua."

Mwanvita alibaki na mkono juu. Hakujua ashushe au aendelee.

"Na hilo la mwisho," Mama Zuwena aliendelea. "La kutokuwa makini."

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama."

"Ilivyoandikwa nimesikia. Kila mtu ananiambia hivyohivyo. Hata baba yake sasa anasema labda hatukumfundisha, labda tulimdekeza." Aliuweka ukili chini. "Mwanangu, wewe ulikuwa naye. Siku zote hizi sikukuuliza, nilichelea kukuumiza. Leo nakuuliza. Ilikuwaje?"

Mwanvita alifungua kinywa. Maneno ya risala yote alikuwa nayo, kuanzia mwanzo hadi mwisho, lakini hapakuwa na hata moja lililofaa kujibu swali hilo. Akasikia kitu kinachakacha karibu yake, kama majani makavu. Alitazama chini kuona ni nini. Ilikuwa ni karatasi. Mikono yake ilikuwa inatetemeka.

"Basi, mwanangu, basi," Mama Zuwena alisema, akamkalisha. "Ukiweza siku moja utaniambia. Usipoweza, sina kinyongo nawe. Kaa tule nanasi."

Walikula nanasi. Mwanvita alirudi nyumbani kwa njia ya mashambani, na mikono ilikuwa bado haijatulia. Alijihisi kama mtu aliyeulalia mkono wake mpaka ukafa ganzi, kisha damu ikaanza kurudi. Kwanza ilikuwa kama si mkono wake. Halafu zikaja sindano.

Jumatatu alikwenda ofisini kwa Mwalimu Rajabu kabla hajaitwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, msomaji wangu. Leo tunafanya mazoezi na kipaza sauti."

"Mwalimu, kuna sentensi moja si kweli."

"Ipi?"

"Ya Zuwena. Hakuvuka ovyo."

Mwalimu Rajabu aliweka kalamu chini. "Mwanvita, sote tulisikia hivyo. Tena mwalimu mkuu ameshaipitisha risala, na sherehe ni Alhamisi. Una hakika na unachosema?"

"Nilikuwepo, mwalimu."

Yalikuwa maneno mawili tu, lakini Mwalimu Rajabu aliyasikia kama mtu aliyeamshwa. Alikuwa amekaa na mtoto huyu siku nyingi akimfundisha mahali pa kutabasamu, na hakuwahi kumuuliza kitu.

"Basi nieleze," alisema kwa upole.

"Tuli... tulisimama..." Meno ya Mwanvita yaligongana. Alijaribu tena, pumzi ikakatika.

Mwalimu aliogopa. "Kaa chini, mwanangu. Pole. Tumtafute msomaji mwingine. Sitaki kukutesa. Ramadhan anaweza kujitahidi."

"Hapana, mwalimu," Mwanvita alisema, na sauti yake ilikuwa nyembamba, imekwaruza, tofauti kabisa na ile ya mazoezi. "Ramadhan hakuwepo."

Mwalimu Rajabu alitazama dirishani. Nje, magari yalikuwa yakipita barabarani kwa mwendo wao uleule. Kisha akachukua risala, akaikata sentensi ile kwa mstari mmoja, na chini yake akaacha nafasi tupu.

"Mwalimu mkuu nitazungumza naye mimi," alisema. "Ukifika hapa, weka karatasi mezani. Sema uliyoyaona, kama unavyomweleza mama yako. Usiweke maneno ya risala. Usiweke maneno yangu."

"Nitatetemeka, mwalimu."

"Utatetemeka. Mimi siku ya kwanza kuingia darasani nilibonyeza chaki mpaka ikakatika vipande viwili, na watoto wakacheka. Nilifundisha hivyohivyo. Mwili ukitetemeka, uache utetemeke. Wewe shughulika na unachotaka kusema."

Mazoezi ya safari hii yalifanyika nyuma ya madarasa mapya, na Yasmini aliombwa aje awe msikilizaji. Mwalimu alipiga marufuku kuinua mkono na kutabasamu kwa alama. Alimwambia Mwanvita akanyage ardhi kwa miguu yote miwili, avute pumzi mpaka tumboni, aitoe polepole, ndipo aanze.

"Usitazame watu wote kwa pamoja," alisema. "Watu wengi hawana uso. Chagua mtu mmoja, umwambie yeye. Kinywa kikikauka, nyamaza, meza mate, endelea. Hakuna atakayekufukuza kwa sababu umenyamaza."

Siku ya kwanza Mwanvita aliweza kusema sentensi moja tu: "Tulisimama." Hakuweza zaidi. Mwalimu hakumlazimisha. Alisema, "Sentensi moja ya kweli imeshatoka. Twendeni nyumbani."

Siku ya pili Yasmini alipelekwa mbali, karibu na milingoti ya goli.

"Sisikii!" Yasmini alipiga kelele.

Mwanvita alipaza sauti ikawa kama anagomba. Mwalimu akatikisa kichwa. "Usimpigie kelele. Mpelekee maneno. Unavyomwita mtu aliye ng'ambo ya shamba, unafanyaje? Si unataka akusikie?"

Mwanvita alijaribu tena, polepole, akimtazama Yasmini. Alisema mpaka katikati, akanyamaza. Akameza mate. Akaendelea mpaka mwisho. Alipomaliza, Yasmini alikuwa amesimama palepale golini analia kwa sauti. Mwanvita mwenyewe macho yalikuwa makavu. Alimtazama rafiki yake akilia, akatamani na yeye aweze.

Alhamisi ikafika. Maturubai yalifungwa uwanjani, viti vya plastiki vikapangwa, na meza kuu ikafunikwa kitambaa cha bluu. Wazazi walijaa, kina mama upande mmoja na kina baba upande wa pili. Mgeni rasmi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Pembeni yake alikaa mtaalamu wa barabara, kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, aliyekuwa anatazama simu yake.

"Sasa tunamkaribisha mwanafunzi wetu asome risala," mshereheshaji alitangaza.

Mwanvita alisimama. Ndipo hofu ikamshika. Haikuja kidogo kidogo, ilimvaa mzimamzima: moyo ulimdunda masikioni na ulimi ukanata. Na pamoja na hofu vikarudi vitu vingine alivyokuwa amevisahau. Alisikia joto chini ya turubai. Alisikia harufu ya pilau likiiva nyuma ya ofisi. Alimsikia mtoto mchanga akilia na mama yake akimbembeleza. Kila kitu kilikuwa karibu mno.

Alikanyaga ardhi. Akavuta pumzi. Alianza kusoma na sauti ilitetemeka tangu neno la kwanza. Mtu mmoja alinong'ona, "Maskini, anaogopa." Mwanvita alisikia, akaendelea. Alisoma salamu, akasoma kuhusu madawati na vyoo, na mtaalamu wa barabara hakuinua macho kwenye simu yake.

Alifika kwenye nafasi tupu. Akaweka karatasi mezani.

Alitafuta uso mmoja. Mgeni rasmi alikuwa mbele yake kabisa, lakini macho ya Mwanvita yalimpita, yakaenda mpaka mwisho wa viti vya kina mama, pale alipokaa Mama Zuwena na buibui lake jeusi. Akamwambia yeye.

"Naitwa Mwanvita. Zuwena alikuwa rafiki yangu. Siku ile tulikuwa wote." Alinyamaza. "Watu wanasema Zuwena alivuka bila kutazama. Si kweli. Tulisimama. Zuwena alinishika mkono, yeye alikuwa ananishika siku zote. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akatazama kulia tena. Lilikuwa linakuja lori la mananasi. Akasema tungoje. Lori likasimama kabisa. Dereva akatupungia mkono tupite."

Kinywa kilikauka. Akameza mate.

"Tukapita mbele ya lori. Hatukukimbia. Likatokea gari dogo nyuma ya lori. Halikusimama, lililipita lori kwa kasi. Mimi sikuliona. Zuwena ndiye aliyeliona. Akanisukuma nyuma."

Sauti ilimkatika. Alisimama hivyo, mikono inatetemeka mbele ya watu wote, na hakuificha. Kisha akasema la mwisho.

"Zuwena alikuwa makini. Sisi watoto tunatazama. Tunafundishwa na tunatazama. Lakini magari yanapita hapa kama vile hakuna shule. Tunaomba matuta. Tunaomba ile michoro ya pundamilia. Hesabu alikuwa hazipendi, lakini barabara alikuwa anaijua kuvuka."

Hakuna aliyepiga makofi. Mtaalamu wa barabara alikuwa ameweka simu mfukoni. Mgeni rasmi alivua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Mwanangu," alisema, "lile lori lilikuwa linatoka upande gani?"

"Upande wa Bagamoyo, mama. Na gari dogo vilevile."

"Na dereva wa lori yuko wapi?"

"Alikuwa mpita njia. Aliendelea na safari. Hakuna aliyemuuliza."

"Na wewe, nani alikuuliza?"

Mwanvita alifikiri. "Mama Zuwena," alijibu.

Mgeni rasmi alimgeukia mtaalamu. "Matuta yanahitaji nini?"

"Barabara kuu ina taratibu zake, mama. Inabidi tupime kwanza, kisha—"

"Mpime leo. Mmeshafika, barabara ile pale."

Upande wa kina baba, baba yake Zuwena alikuwa ameinamisha kichwa, kofia yake ameikamata kwa mikono miwili. Mama Zuwena aliinuka, akapita katikati ya viti mpaka kwake, jambo ambalo siku nyingine asingelifanya mbele ya watu.

"Umesikia?" alimuuliza.

"Nimesikia," alijibu mumewe. "Nimesikia, mama Zuwena."

Ndipo machozi yakamtoka Mwanvita. Hakujua yalianzia wapi. Bi Saida alifika mbio akamfunika kwa khanga yake, na Mwanvita alilia humo ndani kwa sauti kubwa, kama mtoto mdogo, mpaka akapata kwikwi. Mama yake hakumwambia anyamaze. "Lia, mwanangu," alisema. "Lia. Tulikosea kukuacha na mzigo huu peke yako."

Wiki ile polisi walikuja kumsikiliza, mbele ya wazazi wake na mwalimu, na maneno yake yaliandikwa. Haukupita muda, kabla shule hazijafungwa, mafundi walifika na lami ya moto. Wakajenga matuta pande zote mbili za shule, wakachora pundamilia, wakasimamisha na kibao cha onyo kwa madereva. Magari yaliyokuwa yanavuma sasa yalikuja, yakanywea, yakapita polepole kama yanayoomba radhi.

Siku rangi ilipokauka, Mwalimu Rajabu aliwapeleka darasa la sita ukingoni mwa barabara, akawasimamisha kwenye kivuli.

"Kuna somo nataka mlishike," alisema, "nami nimelijifunza pamoja nanyi. Niliwaambia kwamba Mwanvita hana hofu, ndiyo maana ni msemaji hodari. Nilidanganyika. Wakati ule hakuwa hodari. Alikuwa anaumwa, na mimi sikuona. Siku aliyotetemeka ndiyo siku aliyosema, na ndiyo siku aliyosikilizwa. Mkisimama mbele za watu, msiazime sauti ya mtu wa televisheni, wala yangu. Semeni mnachokijua, semeni kweli, mkimtazama mtu mnayetaka asikie. Magoti yakitetemeka, yaacheni. Na jambo likiwaumiza moyoni, msilifungie ndani mkasubiri mkutano. Mwambieni mtu mzima mnayemwamini, na asipowaelewa, mwambieni mwingine."

"Na mtu mzima asipouliza, mwalimu?" Yasmini alisema.

Mwalimu Rajabu alikubali kwa kichwa. "Hapo ni sisi watu wazima tunaopaswa kujifunza. Tuulize."

Jioni hiyo Mwanvita alipokuwa anatoka kisimani alimkuta Mama Zuwena njiani na fungu la miyaa ya kusukia mikeka kichwani. Alimwamkia, wakatembea pamoja. Walipofika kwenye njia panda Mama Zuwena hakugeuka kwenda kwake. Aliutua mzigo chini, akakaa juu ya gogo.

"Una haraka, mwanangu?"

"Sina, mama."

"Siku ile, kabla hamjafika barabarani, nilisikia kwamba mlikuwa mnacheka. Mwenye duka aliniambia alisikia vicheko. Siku zote nimekuwa nikijiuliza. Mlikuwa mnacheka nini?"

Mwanvita alitua ndoo yake. Akakaa kwenye gogo, akavuta pumzi. Hofu kidogo ilimpitia moyoni, akaiacha ipite. Kisha akaanza kumsimulia tangu mwanzo, kwa sauti yake mwenyewe, na alipofika mahali pa kuchekesha, wote wawili walicheka.